Binti wa Kodak na Bahari ya Kuchorwa

Shuleni tulifundishwa kuhakiki kwa kutenganisha fani na maudhui. Wahusika, mandhari, muundo, mtindo. Halafu dhamira na ujumbe. Tukafanya hivyo kwa riwaya na tamthilia, tukajibu mtihani, basi. Hakuna aliyetuambia kwamba tangazo la biashara nalo ni utungo. Lina mhusika, lina mandhari, lina ujumbe, na mtunzi wake analipwa vizuri kuliko mshairi yeyote ninayemfahamu mimi. Kwa hiyo leo, ndugu msomaji, naomba ruhusa yako niweke riwaya pembeni nihakiki tangazo. Tena la zamani, la kamera, na mhusika wake mkuu ni msichana.

Jamaa mmoja wa kikao chetu cha uandishi nilipomweleza hivyo alicheka. "Sasa huyo mzungu wa miaka mia iliyopita anatuhusu nini sisi watu wa Tanga?" Nikamwambia asubiri makala itoke. Basi nimeitoa.

Tuanze na mhusika. Mwaka 1888 George Eastman, wa mji wa Rochester kule Marekani, alianza kuuza kamera aliyoiita Kodak. Kabla ya hapo kupiga picha ilikuwa kazi ya fundi: vioo vizito, miguu mitatu ya kusimamishia, dawa, chumba cha giza. Kodak ilikuwa kisanduku cha kushika mkononi, kimeshatiwa mkanda wa picha 100. Bei yake dola 25. Ukimaliza picha unakituma kisanduku chote kiwandani pamoja na dola 10, wao wanasafisha picha, wanatia mkanda mpya, wanakurudishia. Tangazo lao lilisema, kwa Kiswahili chetu: wewe bonyeza kitufe, kazi iliyobaki tuachie sisi.

Mwaka 1893, wakati wa maonyesho makubwa ya dunia mjini Chicago, kampuni ilianza kumtumia msichana katika matangazo hayo, na watu wakaja kumwita Binti wa Kodak. Mwaka 1910 mchoraji Mwingereza John Hassall alimvisha gauni la mistari ya buluu na nyeupe, na gauni hilo likawa sare yake kwa miaka mingi.

Sasa mandhari. Binti huyu hakai ndani. Yuko ufukweni, yuko mlimani, yuko kwenye mashua, yuko kando ya baiskeli au gari, upepo unampeperushia gauni. Mara nyingi yuko peke yake au na rafiki yake wa kike. Mume hayupo, mtoto hayupo, sufuria haipo. Kwa wakati ule, ambapo wanawake wa Marekani na Uingereza walikuwa bado wanadai haki ya kupiga kura, kumchora mwanamke anasafiri peke yake na chombo cha kisasa mkononi lilikuwa jambo. Nampa mtunzi haki yake hapo.

Lakini mhakiki asiishie kwenye uzuri wa mandhari, aulize mandhari hiyo imetoka wapi. Jibu la kwanza ni la kiufundi kabisa. Mkanda wa siku zile ulikuwa mzito kupokea mwanga, lenzi ya kisanduku ilikuwa ndogo na ya kawaida tu, flashi ya kubonyeza haikuwapo. Ukipiga picha ndani ya nyumba, unatoka giza tupu. Ndiyo maana wanunuzi waliambiwa watoke nje na jua liwe mgongoni. Basi ule uhuru wa Binti wa Kodak kwenye mwanga wa jua, nusu yake ulikuwa sharti la mashine. Na nusu ya pili ilikuwa biashara: mtu aliye likizo hupiga picha nyingi kuliko mtu aliye jikoni, na kila picha ni mkanda, na mkanda ndio uliokuwa na faida.

Tuje kwenye dhamira. Naziona mbili, na zinapigana. Ya kwanza ni uhuru: mwanamke toka, tazama dunia, jichagulie cha kukumbuka. Ya pili imejificha nyuma ya ile ya kwanza: kazi hii ni rahisi, hata mwanamke anaiweza. Binti aliwekwa pale awe kipimo cha urahisi. Mwaka 1900 ilipotoka Brownie, kamera ya dola moja, kipimo kikawa mtoto. Msichana na mtoto wamewekwa darasa moja, na ufundi wenyewe umebaki kiwandani kwa wanaume wenye dawa zao.

Tazama pia kinachokosekana. Katika mengi ya matangazo hayo niliyoyaona, Binti kashika kamera, au ameielekeza mahali fulani, au anatutazama sisi akitabasamu. Picha aliyoipiga haionekani. Tunamwona mpiga picha, hatuoni alichokiona yeye. Na jina hana. Mwandishi wa riwaya akituletea mhusika mkuu wa namna hiyo, asiye na jina wala mtazamo, tungemwambia ni mhusika bapa.

Tena haikuchukua muda yeye mwenyewe akageuka kitu cha kutazamwa. Mhakiki mmoja Mmarekani, Nancy Martha West, katika kitabu chake cha mwaka 2000 juu ya Kodak, ameonyesha jinsi matangazo yale yalivyohama polepole kutoka kwenye raha na matembezi hadi kwenye nyumba na kumbukumbu: mwanamke aliyekuwa mlimani akarudishwa ndani kutunza albamu ya familia. Mwaka 1928 ikatoka Vanity Kodak, kamera ya rangi mbalimbali ili mwanamke achague ya kwenda na nguo zake. Na baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza, Binti wa Kodak alikuwa akikatwa kwenye kadibodi kwa kimo cha mtu mzima, kavaa nguo ya kuogelea, anasimamishwa dukani avute wateja.

Hiyo ndiyo hadithi yake huko kwao. Sasa tuisome kutoka huku.

Mwaka 1888, Kodak ilipoingia sokoni, Pangani ilikuwa inawaka moto. Watu wa pwani walikuwa wamewainukia Wajerumani wa kampuni, na mwezi Desemba mwaka uliofuata Bushiri alinyongwa palepale Pangani. Mwaka 1893, Binti alipokuwa akitembezwa Chicago, Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga kwenda bara. Kwa hiyo tusidhani mambo haya yako mbali na kwetu. Kamera zilikuja kwa meli zilezile zilizoleta mataruma.

Na mwanamke wa pwani aliingiaje kwenye picha? Aliingia kwa mlango wa postikadi. Unguja kulikuwa na studio za Wagoa, ya A. C. Gomes na ya ndugu Coutinho, zilizouza picha kwa wageni wa melini. Upande wetu wa bara walikuwako wapiga picha Wajerumani. Picha za wanawake zilipendwa mno: kavaa kanga mbili, kasukwa nywele, ana pete za sikio, kasimama au kakaa. Chini yake pameandikwa maneno ya namna ya "mwanamke wa Kiswahili" au "mrembo wa Kiswahili". Jina lake, la baba yake, la mtaa wake, hakuna. Kadi ikabandikwa stempu ikaenda zake Hamburg au London, na nyuma mtu akaandika habari za joto na malaria.

Weka sasa kadi hiyo kando ya tangazo la Binti wa Kodak. Ni wa wakati mmoja, wote wanawake, wote hawana majina. Mmoja amepewa kamera na bahari yote. Mwingine ndiye kitu kinachopigwa picha. Liko tangazo moja la Kodak la mwanzoni mwa karne ya 20 ambalo maneno yake yalikuwa na maana hii: dunia ni yangu, kwa sababu nina Kodak. Hebu lisome tena ukiwa umesimama Tanga, mji uliokuwa chini ya Mjerumani, kisha chini ya Mwingereza. Dunia ya nani hiyo anayojitwalia? Uhuru wa msichana yule ulihitaji mahali pa kwenda na watu wa kupiga picha, na mahali penyewe ni kwetu, na watu wenyewe ni bibi zetu.

Eastman mwenyewe alikuja Afrika Mashariki kuwinda mwaka 1926, akawa pamoja na Martin na Osa Johnson, Wamarekani mume na mke waliokuwa wakipiga filamu za wanyama. Ukitafuta Binti wa Kodak aliyekuwa hai katika nchi zetu, huyo Osa ndiye aliyemkaribia. Alikuwa jasiri, alijua kupiga kamera, alijua kuendesha ndege, mwaka 1940 akatoa kitabu cha maisha yake kilichouzwa sana. Lakini mgawanyo wao wa kazi unaujua? Mara nyingi Martin ndiye aliyezungusha kamera, na Osa alisimama na bunduki kumlinda. Mwanamke alipewa silaha ya kumzuia simba kabla ya kupewa lenzi. Na katika filamu zao, Osa ndiye tunayemtazama.

Hapa wasomaji wengine watasema: basi mwanamke wa pwani alionewa, mwisho wa hadithi. Mimi nasema ngoja kidogo, maana hawakukaa tu wakisubiri kupigwa picha na wageni.

Wa kwanza ni Sayyida Salme binti Said, aliyetoroka Unguja mwaka 1866 akaenda kuishi Ujerumani kwa jina la Emily Ruete. Mwishoni mwa miaka ya 1860 alipiga picha studio mjini Hamburg, kavaa mavazi ya kwao, na picha hizo ndizo zinazomtambulisha hadi leo. Ilikuwa takriban miaka 20 kabla ya Kodak. Mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake. Huyo ana jina, ana mtazamo, na alituandikia alichokiona.

Lakini mimi sitaki kuzungumzia mabinti wa sultani tu. Nataka kumzungumzia shangazi yangu wa Ngamiani, ambaye hakuwahi kuandika kitabu.

Katika albamu ya nyumbani kwetu iko picha yake ya miaka ya 1970. Kasimama, mkono kiunoni, kavaa gauni la maua, nywele wazi, viatu vya kisigino. Nyuma yake bahari, minazi miwili na jahazi. Ukiitazama vizuri unagundua jahazi halina kivuli na bahari ina mkunjo katikati. Ni pazia la kuchorwa, picha imepigwa studio. Nikamuuliza: shangazi, bahari yenyewe si iko hapo Raskazone, unatembea kwa miguu unafika, kwa nini ukalipe pesa kupiga picha mbele ya bahari ya rangi?

Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto. "Mwanangu, ufukweni anakuona kila mtu. Studio anakuona mpiga picha peke yake, na huyo nimemlipa."

Mimi nimesoma makala nyingi za uhakiki, lakini sentensi hiyo imenifunza kuliko nyingi. Shangazi alifika studio kavaa buibui, akalivua ndani, akapiga pozi alilolitaka, akavaa buibui lake akaondoka. Picha ilitolewa ngapi, apewe nani, asionyeshwe nani, aliamua yeye. Bahari alikuwa nayo, upepo tu ndio uliokosekana, na wambea.

Wala hakuwa peke yake. Mombasa, studio ya Parekh iliyofunguliwa mwaka 1942 ilipiga watu wa pwani kwa miaka mingi, na wanawake walikwenda pale kujipamba na kujionyesha vile ambavyo barabarani wasingethubutu. Profesa Heike Behrend, Mjerumani aliyeandika kitabu juu ya upigaji picha wa pwani yetu mwaka 2013, ameeleza jinsi watu wa huku walivyojadiliana miaka nenda rudi juu ya nani aonekane na nani asionekane. Miaka ya 1990, pale kivukoni Likoni, wapiga picha walitundika mapazia yenye meli, ndege na maghorofa, na vijana kutoka bara wakapiga picha wakiwa "safarini" ilhali wamesimama hatua chache tu kutoka kwenye pantoni.

Unaona mchezo ulivyogeuka? Binti wa Kodak alipewa nje ya kweli, lakini aliyemchagulia ni kampuni. Shangazi alichukua nje ya kuchorwa, lakini kaichagua mwenyewe. Jua tunalo la kutosha Tanga, mashine isingelalamika. Kilichomweka ndani ni hesabu yake ya macho ya watu, na ndani ya hesabu hiyo alijipatia nafasi.

Hata hivyo sitaki kumfanya shangazi awe malaika wa ukombozi. Kuna kitu hakukipata. Nyumbani kamera ilikuwepo. Alikuwa nayo mjomba, baharia, aliinunua safarini. Ilikaa juu ya kabati ndani ya mfuko wa ngozi. Yeye ndiye aliyepiga picha za Idi, za arusi, za mtoto akitahiriwa. Wanawake wakiigusa: "Acha, utaharibu mkanda." Mkanda wa picha 36 ulikuwa ghali, na kusafisha ghali zaidi, nakubali. Lakini mjomba naye aliharibu mikanda mingi tu, alikata watu vichwa, alipiga kidole chake, na hakuna aliyemnyang'anya. Kwa hiyo ile dhamira ya pili ya tangazo, eti hata mwanamke anaweza, kwetu hata haikufika. Sisi tulipokea kamera, urahisi wake tukauzuia mlangoni. Katika albamu yote ile shangazi yumo kwenye picha zaidi ya 10, aliyoipiga yeye haimo hata moja. Aliamua aonekane vipi. Alichokiona yeye siku za Idi hatukijui.

Leo mambo yamebadilika, na hayajabadilika. Kampuni ya Kodak iliyotawala dunia ya mkanda iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake Januari 2012. Mkanda umeondoka, simu imekuja, na mabinti wa Tanga wako ufukweni jioni wanapigana picha kwa zamu, wanachagua, wanafuta, wanarudia. Kwenye sherehe za arusi za wanawake watupu wanakodi mpiga picha wa kike na wageni wanaambiwa waweke simu kwenye mikoba. Shangazi angeielewa kanuni hiyo mara moja. Lakini inua macho utazame mabango ya barabarani ya simu. Yupo pale msichana, nje, jua, upepo, meno meupe, simu mkononi. Hana jina, na anachokitazama kwenye hiyo simu hatuonyeshwi. Gauni la mistari tu ndilo limebadilika.

Na sasa nakuja kwetu, waandishi chipukizi, maana ndiko nilikokuwa naelekea tangu mwanzo.

Hadithi tunazosomeana kwenye vikao vyetu zina msichana wa ufukweni. Wewe unamjua, pengine ni wako. Anatokea ukurasa wa pili. Upepo wa bahari unapeperusha kanga yake. Macho yake yamelegea, mwendo wake wa madaha, kiuno chake nisiseme. Mhusika wa kiume kasimama mbali anamtazama. Aya nzima inakwenda hivyo, na tunapiga makofi kwamba lugha ni tamu. Lugha ni tamu kweli. Lakini ile ni postikadi, ndugu yangu. Ukitoa tamathali za semi, imebaki kadi ya Gomes, na chini yake ungeweza kuandika "mrembo wa Kiswahili" na kubandika stempu.

Wako pia wanaojiona wa kisasa. Wao wanampa msichana gari, kazi mjini, miwani ya jua, anasafiri peke yake. Eti mwanamke aliyekombolewa. Ukisoma mpaka mwisho hujapata hata wazo moja kutoka kichwani mwake. Huyo ni Binti wa Kodak: kapewa chombo, picha hatuzioni.

Sisemi kila hadithi isimuliwe na mwanamke, wala sisemi uzuri usisifiwe. Pwani bila kusifu uzuri si pwani. Nasema mgeuze msichana wako atazame. Anaposimama pale ufukweni anaona nini? Anaona Kisiwa cha Toten na kujiuliza nani alizikwa kule? Anahesabu majahazi kwa kuwa moja lina mzigo wa baba yake? Amemwona yule kijana anayemtazama, na anafikiri ni mjinga? Je, angeambiwa achague, angekuja hapo ufukweni, au angekwenda studio kwenye bahari ya kuchorwa, afunge mlango?

Dada zetu mnaosoma gazeti hili nawaambia jambo moja la ziada. Tunaletewa hadithi nyingi na wanaume, na wengi wao wanawaandika nyinyi. Msingoje mtu awaambie kwamba ni rahisi, hata nyinyi mnaweza. Hiyo ni lugha ya tangazo. Si rahisi. Mtaharibu mikanda mingi kama mjomba alivyoharibu yake. Leteni hivyohivyo, tuone na sisi mlichokiona.